Mvinyo Uliogoma Kwenye 1.026: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Mvinyo wenyewe ulikuwa mwekundu, kama lita 18 hivi, umekaa kwenye dumu la kioo lenye kipumulio cha maji mdomoni. Siku ya 14 tangu zabibu zipondwe, haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa mvinyo ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000, na sukari huipandisha namba hiyo), ilisoma 1.026. Siku ya 18 ikasoma 1.026 tena. Katikati hapo mwenye mvinyo alikuwa ameshamwaga pakiti ya pili ya hamira, akaongeza na kirutubisho, akasubiri, na hakuna kilichosogea. Aliponitafuta alikuwa na swali moja tu: autie kwenye chupa hivyo hivyo, uwe mvinyo mtamu, yaishe?

Nilimwambia asithubutu, na nitaeleza kwa nini. Lakini kilichonifanya nikiandike kisa hiki ni jambo jingine. Karibu kila anayekisikia husema hamira ilikuwa dhaifu. Tarakimu zinakataa. Mvinyo huu uliharibikiwa ndani ya siku tano za kwanza, na ulitoa ishara siku ya nne, wakati ambapo dawa ilikuwa bado inafanya kazi. Dawa ililetwa siku ya 14.

Daftari linasema nini

Namshukuru sana kwa kuwa na daftari. Wengi wanaotengeneza mvinyo nyumbani hawaandiki chochote, na mambo yakiharibika hubaki kukisia tu.

Siku ya kwanza zabibu zilipondwa, zikakadiriwa kutoa lita 20 za juisi, na kipimo cha mwanzo kikawa 1.096. Kwa mvinyo mwekundu hicho ni kipimo kizuri kabisa. Ukitoa kipimo cha mwisho kwenye cha mwanzo, kisha ukazidisha kwa 131.25, unapata asilimia ya kilevi kwa makadirio ya karibu. Juisi ya 1.096 ikichachuka mpaka ikauke, yaani sukari iishe, inatoa asilimia 13. Haikuhitaji kitu. Hata hivyo aliongeza kilo moja ya sukari, kwa kuwa maelezo aliyoyafuata yaliagiza hivyo. Nilipoyaangalia niliona yaliandikwa kwa ajili ya mvinyo wa matunda machachu, ambayo yenyewe yana sukari kidogo na bila kuongezewa hayafiki popote. Kilo moja kwenye lita 20 ni gramu 50 kwa lita. Kipimo kikapanda hadi 1.115.

Siku hiyo hiyo aliweka gramu 2 za metabisalfaiti ya potasiamu, dawa ya kuzuia vijidudu, na saa chache baadaye akanyunyiza pakiti moja ya hamira ya mvinyo, gramu 5, moja kwa moja juu ya juisi. Pakiti ilisema hamira hiyo inastahimili kilevi hadi asilimia 14.

Mwishoni mwa siku ya pili mapovu yalianza. Siku ya nne asubuhi ameandika 1.074, na pembeni maneno manne: harufu ya yai viza. Usiku wake kulikuwa na baridi, akaifunga ndoo blanketi. Siku ya tano ameandika vipimo viwili vya joto: kwa nje ya ndoo nyuzi 28, na katikati ya maganda yaliyoelea nyuzi 35. Siku ya sita 1.034. Siku ya saba 1.027, akakamua maganda na kuhamishia mvinyo kwenye dumu. Kuanzia siku ya nane hadi ya 13 hakuna kipimo hata kimoja; kila siku ameandika tu kwamba dumu bado linapumua.

Tuhuma zisizo na msingi

Niliupima mwenyewe kwanza. Mvinyo mchanga hujaa gesi, na mapovu madogo hujibandika kwenye shina la haidromita yakaiinua, kwa hiyo kipimo huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Nilichukua sampuli, nikaitikisa mpaka gesi ikaisha, nikaizungusha haidromita ndani ya mrija ili isikamatwe pembeni, kwenye joto la nyuzi 21. Ikatulia kwenye 1.026. Kipimo kilikuwa cha kweli. (Wenye refraktomita, kifaa kinachopima sukari kwa mwanga, wakumbuke kwamba kilevi hukipotosha kifaa hicho, uchachukaji ukishaanza, usikisome bila kufanya hesabu ya kurekebisha.)

Vipi kuhusu lile dumu lililokuwa bado linapumua? Hakuna kinachowapoteza watu kuliko kipumulio. Gesi ya kaboni dioksidi huyeyuka kwa wingi ndani ya mvinyo, na mchana joto likipanda kidogo hutoka yenyewe, hata kama hamira imelala tangu wiki iliyopita. Kipumulio kinaonyesha kwamba gesi inatoka. Hakisemi sukari inaliwa. Zile siku sita bila kipimo zilipotea kwa sababu ya mapovu hayo.

Metabisalfaiti nayo inashukiwa bure. Gramu 2 kwenye lita 20 zinatoa takriban miligramu 57 za salfa dioksidi kwa lita, kiasi cha kawaida, na ingawa ni desturi nzuri kusubiri saa 12 hadi 24 kabla ya kuweka hamira, hamira yake ilianza kazi bila kuchelewa sana. Sumu ingekuwa imeiua pale mwanzoni, mapovu yasingeonekana siku ya pili.

Inabaki tuhuma ya uvumilivu wa hamira. Hapa hesabu ni fupi: 1.115 kutoa 1.026, mara 131.25, ni asilimia 11.7. Hamira ya kustahimili asilimia 14 iliacha kazi kwenye 11.7. Kwa sukari ile isingeweza kumaliza kwa vyovyote, kwa sababu juisi ya 1.115 ikikauka inadai karibu asilimia 16. Lakini haikufika hata kwenye mpaka wake. Iliangushwa njiani, na inabidi tuulize iliangushwa na nini.

Siku ya nne

Harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi. Hamira huitoa kwa sababu kadhaa, ila inapotokea katikati ya uchachukaji wenye nguvu, sababu ya kwanza ya kushuku ni njaa ya naitrojeni. Hamira inaihitaji naitrojeni ili kujijenga. Ikikosa, salfa iliyokuwa itumike kutengeneza protini hutoka nje kama gesi yenye uvundo. Juisi ya sukari ya wastani huhitaji angalau miligramu 150 za naitrojeni kwa lita inayoweza kutumiwa na hamira. Juisi nzito kama hii, ya kipimo cha 1.115, inadai 250 au zaidi. Sukari aliyoiongeza ilikuwa sukari tupu: ilizidisha kazi bila kuleta chakula.

Angalia sasa ile tarakimu ya siku ya nne, 1.074. Kutoka 1.115, theluthi moja ya sukari ilikuwa imeshaliwa na kilevi kilikuwa kama asilimia 5.4. Hapo ndipo mahali penyewe pa kulisha. Kabla ya hapo hamira huwa bado inakula naitrojeni ya zabibu zenyewe. Kilevi kikishapita asilimia 9 au 10, milango ya seli inayopitisha naitrojeni huzidiwa, na kirutubisho unachokiweka kinabaki kikielea. Asubuhi ile harufu ilipompiga puani, kijiko kidogo cha kirutubisho na kukoroga kwa nguvu ili hewa iingie vingeweza kabisa kubadilisha historia ya mvinyo huu. Yeye alisoma mahali kwamba harufu hiyo ni ya kawaida na hupotea. Ni kweli ilipotea. Ilipotea kwa sababu gesi ilisombwa na mapovu, huku njaa ikibaki palepale.

Hewa nimeitaja kwa makusudi. Tumezoea kusikia kwamba hewa ni adui wa mvinyo, na mvinyo uliokwisha kuiva ni kweli huiogopa. Siku tatu nne za mwanzo ni habari nyingine. Hamira hutumia oksijeni kutengeneza steroli, mafuta yanayoimarisha utando wa seli. Kila seli mama inapozaa, hugawana steroli zake na mtoto. Bila hewa hakuna mpya zinazotengenezwa, na baada ya vizazi vichache utando unakuwa mwembamba. Seli za namna hiyo zinaonekana hai na zinafanya kazi vizuri kabisa mpaka kilevi kinapopanda. Kikipanda, zinavuja.

Kisha likaja lile blanketi. Ndoo ya mvinyo mwekundu ina joto la aina mbili. Maganda huelea juu na kujifunga kama tabaka nene, joto la uchachukaji hunaswa humo, na katikati ya tabaka kunaweza kuwa na nyuzi nyingi kuliko kwenye juisi iliyo chini, wakati kile kibandiko cha kupimia joto nje ya ndoo kinakuonyesha upande wa baridi. Alikuwa akiyazamisha maganda mara moja tu kwa siku, hivyo joto lilikuwa na saa nyingi za kujikusanya. Nyuzi 35 peke yake hamira inaweza kuzimudu kwa muda. Nyuzi 35 pamoja na kilevi kinachokaribia asilimia 10, kwenye seli zenye njaa na utando mwembamba, ndizo zilizoiangusha. Tazama mwendo: kutoka siku ya nne hadi ya sita kipimo kilishuka kwa pointi 40 (yaani 0.040), na siku iliyofuata kikashuka kwa 7 tu. Ule haukuwa mwendo wa kuchoka polepole. Nyingi zilikufa kwa mkupuo.

Mambo matatu kwa pamoja, basi: sukari iliyozidi, njaa, joto. Ukinibana nichague moja, nitachagua sukari, maana bila ile kilo moja hayo mengine mawili huenda yangevumilika.

Dawa ya siku ya 14

Pakiti ya pili ya hamira aliinyunyiza kavu juu ya mvinyo wenye kilevi cha asilimia 11.7. Ni sawa na kumtupa mtu asiyejua kuogelea katikati ya kina. Seli kavu inapolowana, utando wake hauwezi kuchagua kinachoingia na kisichoingia kwa dakika za mwanzo. Ikilowanishwa kwa maji safi ya uvuguvugu inajirekebisha, ikilowanishwa kwa kilevi inajaa kilevi. Isitoshe, sukari iliyobaki wakati huo huwa zaidi ni fruktosi. Zabibu huanza na glukosi na fruktosi kwa kiasi karibu sawa, lakini hamira hupendelea glukosi na kuimaliza mbele. Kinachobaki mwishoni ndicho inachokimudu kwa shida, na ndicho kitamu zaidi mdomoni, ndiyo maana mvinyo uliokwama huwa na utamu mzito kuliko unavyotarajia.

Kirutubisho alichotumia kilikuwa DAP (fosfeti ya daiamonia, chumvi yenye naitrojeni), ile ya daraja la chakula (ya mbolea isiguse mvinyo kamwe). Gramu moja kwa lita hutoa miligramu kama 210 za naitrojeni, hivyo kwa wakati wake ni dawa nzuri. Kwenye asilimia 11.7 haikuwa na wa kuila, isipokuwa vijidudu ambavyo hatuvitaki.

Kwa nini asingeutia kwenye chupa

Haidromita ya 1.026 inaficha kitu. Kilevi ni chepesi kuliko maji, kwa hiyo huishusha haidromita na kuifanya sukari ionekane ndogo. Ukihesabu kutoka mwanzo, kwa kanuni kwamba gramu 17 za sukari kwa lita hutoa asilimia moja ya kilevi, humo ndani zilibaki takriban gramu 80 kwa lita.

Gramu 4 za sukari kwa lita zikichachuka ndani ya chupa iliyozibwa huongeza shinikizo la kama angahewa moja. Mvinyo wa Champagne huongezewa karibu gramu 24 kwa ajili ya uchachukaji wa chupani, unafika angahewa 6 hivi, na chupa zake ni nene kwa sababu hiyo. Chupa ya kawaida ya mvinyo haikutengenezwa kwa shinikizo. Hamira iliyolala huweza kuamka miezi baadaye joto likibadilika, na robo tu ya zile gramu 80 ingetosha kufikisha chupa hizo mahali pa kupasuka. Vioo vikiruka jikoni si jambo la kulizungumza kwa wepesi.

Alinitajia sorbeti ya potasiamu, akiamini inaua hamira. Haiui, huizuia isizaliane, na hufanya hivyo vizuri pale tu ambapo mvinyo umeshasafika na seli zilizobaki ni chache. Kwenye mvinyo mwekundu nina sababu nyingine ya kuikataa: bakteria wa asidi ya laktiki wakiishambulia, hutengeneza harufu kali ya majani ya jeraniamu, na harufu hiyo ikiingia haina tiba.

Kuuamsha

Hatari kubwa ya mvinyo uliosimama na sukari tele ni hao hao bakteria, ambao wanaweza kuigeuza sukari kuwa asidi ya siki hata bila hewa. Nilinusa na kuonja kabla ya lolote. Hakukuwa na siki, hakukuwa na ile harufu ya gundi inayokuja na siki. Kama ingekuwepo, ningeanza na dozi ndogo ya metabisalfaiti na kungoja. Kwa kuwa haikuwepo, tuliendelea bila kuiweka.

Kwanza mvinyo ulihamishwa kutoka kwenye mashapo, taratibu, kwa mpira. Kisha tukaweka maganda ya hamira, yaani kuta za seli za hamira zilizokaushwa, gramu 4.5 kwa lita 18. Seli zinazokufa kwa shida huacha asidi za mafuta ambazo ni sumu kwa hamira mpya, na kuta hizo huzinyonya. Baada ya siku moja zilizama chini, mvinyo ukahamishwa tena.

Hamira mpya ilikuwa ya aina ngumu, inayostahimili hadi asilimia 18, gramu 10, maradufu ya pakiti ya mwanzo. Ililowekwa kwenye mililita 100 za maji ya nyuzi 40 kwa dakika 20. Pembeni tulichanganya nusu lita ya mvinyo na nusu lita ya maji safi, tukaweka kirutubisho kinachotokana na hamira yenyewe, na kuuacha mchanganyiko kwenye nyuzi 25. Kilevi humo kilikuwa kama asilimia 6, sukari kama gramu 40. Hamira ikaingizwa hapo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira. Mtungi ulipoanza kutoa povu na sukari yake kushuka kufikia nusu, uliongezewa lita moja ya mvinyo. Uliposhuka tena, lita mbili. Kisha lita nne. Kila hatua ilichukua kama siku moja, na kila hatua kilevi kilipanda kidogo tu. Katika hatua ya lita mbili mtungi ulipunguza kasi, na mwenye mvinyo alitaka kumimina kila kitu mara moja, aone mwisho wake. Nilimsihi angoje kipimo kishuke. Kosa la watu wengi wanaoamsha mvinyo hutokea hapo: wanajenga jeshi zuri la hamira kwa siku tatu, kisha wanaliua kwa dakika moja ya haraka. Alingoja. Kesho yake povu lilirudi. Mtungi ulipofika zaidi ya lita nane na kuendelea kufanya kazi, ndipo ulipomiminwa kwenye mvinyo uliobaki, vyote viwili vikiwa na joto linalolingana, na dumu likakaa mahali penye nyuzi 23 bila blanketi.

Ulivyoishia

Siku tano za kwanza kipimo kilishuka hadi 1.014. Baada ya hapo mwendo ukawa wa konokono, pointi moja kwa siku, kisha moja kwa siku mbili. Karibu na 1.002 ulisimama kwa zaidi ya wiki, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukubali kwamba utaishia hapo. Tuliyakoroga mashapo kwa upole yapande juu, bila kuingiza hewa, tukauacha. Ukaishia kwenye 0.998, na vipimo vitatu vilivyofuata kwa kupishana wiki havikubadilika. Hapo uliwekewa gramu 1.5 za metabisalfaiti, ukajazwa mpaka shingoni na kupelekwa mahali pa baridi.

Si mvinyo mkamilifu. Kilevi chake kimepita asilimia 15, na unauhisi unavyochoma kooni kabla hujaipata ladha ya zabibu. Gramu chache za sukari zimebaki. Kuna kidokezo cha siki ambacho huwezi kukigundua usipoambiwa ukitafute. Rangi ni nzuri, harufu ni safi, na ile ya yai viza haikurudi.

Ushauri wangu kwake ni asiutie chupani peke yake. Msimu ujao atengeneze mwingine, mwepesi, wa asilimia 11 hivi, juisi ya kipimo cha chini isiyoongezwa sukari, aukaushe kabisa, kisha auchanganye na huu nusu kwa nusu. Hapo kilevi kitatua kwenye asilimia 13, palepale ambapo zabibu zake za kwanza zilikuwa zinaelekea zenyewe. Mchanganyiko ukae dumuni angalau mwezi, kipimo kisomwe kila wiki, na chupa zisubiri mpaka haidromita isipobadilika.